Mdudu wa Jumanne na Ijumaa

Kiponda, Mji Mkongwe
Alhamisi, 20 Juni 2024

Kwa Nadhira, binti wa marehemu kaka yangu, anayekaa eda Makunduchi.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu hizi, ambazo natumai zitakukuta na subira na siha, nakuarifu kwamba sisi wa nyumba hii tumeiona Idd kwa salama, isipokuwa mahali alipozoea kuketi marehemu Munir palikuwa patupu na kila mtu alijizuia kupatazama. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akutimizie miezi yako minne na siku kumi kwa wepesi. Mke wangu, Bi Bahiya, anakusalimu. Binti yetu Tahiya anakusalimu pia. Amekuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi yetu, mumewe akiwa kazini Maskati. Mimba ina miezi mitano. Wajua kwamba mbili zilizotangulia hazikutimia, kwa hiyo humu ndani jambo hilo hatulitaji kwa sauti kubwa.

Sasa naingia katika madhumuni.

YAH: KUGEUKA RANGI KWA MAJANI YA MBATATA

Mimi si mkulima. Kwa miaka thelathini na moja niliketi Vuga, nje ya mahakama, na taipureta yangu nikiwaandikia watu maombi yao, na sikuwahi kupanda hata mchicha. Lakini mwezi wa Mei rafiki yangu mmoja aliniletea kutoka Lushoto mbatata saba, hivi viazi vya mviringo, zilizoanza kuchipua, akasema kwa dharau kwamba Unguja hazioti. Nimeona ni wajibu wangu kumjibu kwa vitendo. Nimezipanda katika ndoo saba za rangi, nilizozitoboa chini, ndani ya chumba cha ghorofa ya pili. Darini hapafai: jua linaunguza na kunguru hawaachi kitu. Chumba hicho kina kuta nene na ubaridi, na dirisha moja linalotazama mashariki.

Miche yote saba imetoka. Hata hivyo, kwa kuwa wewe ulifanya kazi kituo cha kilimo cha Kizimbani, katika kitengo cha mboga, nawasilisha kwako malalamiko yafuatayo. Majani ya chini yanageuka manjano kuanzia ukingoni. Mashina yamerefuka, yamelegea, na yote yameinamia upande wa dirisha. Tena, chini ya majani ya ndoo ya nne kuna vivimbe vidogo mfano wa upele. Naomba kujua kama haya ni maradhi ya kuambukiza. Nauliza hilo la mwisho kwa sababu chumba hicho kinapakana na kile anacholala Tahiya.

Barua hii anaichukua shemeji yako Sabri, ambaye kila Alhamisi huleta magunia ya mwani mjini. Simu sina wala siitaki. Neno la simu halina sahihi.

Ami yako,
Ghanim

*

Makunduchi
27 Juni 2024

Ami yangu, shikamoo.

Tumepokea salamu zako, mimi na mkwe wangu Bi Mwanakhamis, na sote hatujambo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Tangu Munir afariki watu huniletea chakula na kunipa pole. Hakuna aliyeniuliza swali. Ahsante kwa kuniuliza.

Ami, unaimwagilia mno. Umanjano unaoanzia chini, katika ndoo, ndani ya chumba chenye ubaridi, ni mizizi inayozama. Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili; ukisikia unyevu, usimwagilie. Vile vivimbe navyo ni maji: mzizi unakunywa kuliko jani linavyoweza kutoa. Kurefuka na kulegea ni njaa ya mwanga. Zisogeze ndoo karibu na dirisha, na kila asubuhi uzigeuze kidogo.

Unachopaswa kukiogopa ni baka jani. Ukiona doa jeusi lililolowa, na chini yake ukungu mweupe, ng'oa mche huo mara moja uutoe nje. Lakini usiwe na wasiwasi juu ya Tahiya. Maradhi ya jani hayamwambukizi mtu.

Bi Bahiya ana simu nzuri. Angenipigia picha ningeona mwenyewe. Na je, Tahiya ameshakwenda kliniki?

Mwanao,
Nadhira

*

Kiponda
Alhamisi, 18 Julai 2024

Kwa Nadhira, baada ya salamu na dua.

Barua yako ilitufikia nasi tukiwa wazima. Maelekezo yako nimeyatekeleza neno kwa neno, na umanjano umekoma. Kuhusu picha, naomba radhi. Siwezi kuweka maradhi ya nyumba yangu katika simu ya mtu. Kuhusu Tahiya, amekwenda kliniki, ikaandikwa katika kadi yake kwamba damu ni kidogo. Amepewa vidonge. Tangu wiki iliyopita anatapika na kulalamika kichwa. Bi Bahiya anasema ndivyo mimba zilivyo, na mimi katika mambo hayo sina ushahidi wa kupinga.

YAH: KUKATWA KWA NCHA ZA MICHE

Jambo jipya limezuka, nalo ni zito kuliko la kwanza. Ncha za miche yangu zinakatwa. Hazinyauki, hazina doa, hazitobolewi. Zinaondoka nzima, majani machanga yote, mcheni kikabaki kikonyo kitupu, na wala mabaki hayaonekani sakafuni. Nimeweka kumbukumbu. Tarehe 9, Jumanne, ndoo ya kwanza na ya pili. Tarehe 12, Ijumaa, ndoo ya tatu na ya tano. Tarehe 16, Jumanne, ndoo nne kwa mpigo. Siku hizo ndizo ninazotoka: Ijumaa kwa sala, na Jumanne kwa kahawa na wenzangu wa zamani kule Vuga. Hiyo tarehe 16 niliaga, nikarudi kimya kimya, nikaketi nyuma ya mlango wa stoo kwa saa nzima. Sikuona kitu.

Nilipomweleza Bi Bahiya, alinijibu hivi, nanukuu bila kusafisha:

"Ala! Wenzako wanahesabu siku za mjukuu, we wahesabu majani! Ushakuwa mgambo wa mbatata?"

Nikamwambia: "Bibi, chumbani mna mdudu."

"Basi mwache ale. Mdudu naye ana tumbo."

Tahiya alicheka mpaka akajishika ubavu. Sikuendelea na hoja yangu, kwa kuwa ni siku nyingi hatujamsikia akicheka.

Naomba jina la mdudu huyo na dawa yake. Nakiri kwako peke yako kwamba jambo hili linanitia hofu isiyolingana na ukubwa wake.

Ami yako,
Ghanim

*

Makunduchi
25 Julai 2024

Ami, shikamoo. Sote hatujambo, alhamdulillahi.

Nisamehe nikiandika kwa ufupi. Juzi nguo za Munir zimegaiwa, na tangu hapo kichwa changu si changu.

Wanaokula machipukizi bila kuacha alama mara nyingi ni viwavi. Mchana hujificha udongoni, ndiyo maana hukumwona. Nenda duka la pembejeo, uombe dawa ya viwavi, upulize asubuhi juu na chini ya majani, dirisha likiwa wazi. Tahiya asiingie humo siku mbili.

Na usipokuwa na haraka, niletee kwanza kikonyo kimoja kilichokatwa, ukikunje katika karatasi kavu.

Mpe pole Tahiya. Kutapika mwezi wa sita si kawaida sana. Mwambie Bi Bahiya asilichukulie jepesi.

Nadhira

*

Kiponda
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Kwa Nadhira.

Salamu zote zinazostahili nakuletea, na unisamehe kama sizipangi kwa utaratibu wake. Naambatanisha vikonyo vitatu: kimoja cha tarehe 26 na viwili vya tarehe 30. Dawa nimeinunua, chupa ya kijani, na nakusudia kuipuliza Jumamosi hii.

Tahiya si mzima. Jumanne jioni alitapika mara tano. Mikono inamtetemeka, alishindwa kushika kikombe cha chai, na kikombe kikavunjika, na akalia kwa ajili ya kikombe kana kwamba ni mtu. Jana aliniambia mistari ya gazeti inatembea. Nimetazama nyuma katika kumbukumbu zangu, maana nami huandika kila kitu, na naona kwamba siku zake mbaya zaidi ni Jumanne na Ijumaa jioni. Bi Bahiya anamwuguza kwa mapenzi makubwa. Hali chakula mwenyewe mpaka mwanawe ale. Nilipotaja hospitali, Tahiya alikataa. Alisema:

"Baba, kila nikiingia pale hutoka mikono mitupu. Niacheni nikae na huyu nyumbani."

Mimi, niliyejibu barua za mabwana wakubwa kwa miaka thelathini na moja, nilichukua gazeti lake nikamsomea.

Uliniandikia tarehe 27 Juni kwamba maradhi ya jani hayamwambukizi mtu. Naomba uthibitishe hilo kwa maandishi, kwa maneno yasiyo na shaka. Udongo ule niliuleta mimi. Mbatata zile nilizileta mimi. Usiku huu uliopita sikulala, nikijiuliza nimeingiza nini katika nyumba yenye mja mzito.

Kuna jambo jingine, lakini siliandiki.

Ami yako,
Ghanim

*

Makunduchi
Jumanne, 6 Agosti, saa tano asubuhi

Usipulize dawa. Kama umeshapuliza, sema ukifika huko unakokwenda.

Gari ya Sabri iliharibika njiani, barua yako ya Alhamisi nimeipata leo. Vikonyo nimeviangalia juani. Hakuna mdudu, Ami. Vimevunjwa kwa ukucha wa kidole gumba, jani la tatu kutoka juu, kama tunavyochuma matembele.

Majani ya mbatata si matembele. Yana sumu. Asiyaguse mtu kwa kula wala kwa kunywa.

Mpeleke Tahiya hospitali sasa hivi, hata akikataa. Chukua jani moja na ile chupa ya kijani, umwonyeshe daktari vyote viwili. Usimuulize mtu chochote nyumbani kabla ya kutoka. Leo ni Jumanne.

Sabri anakuletea hii kwa pikipiki ya kuazima.

*

Hospitali, baraza ya nje ya wodi ya wazazi
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Nadhira, mwanangu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Bi Mwanakhamis, na kwamba eda inakwenda kwa wepesi. Tahiya yu hai. Nimeona nilitangulize hilo, kisha nieleze.

Barua yako ya tarehe 6 haikuwa na salamu. Katika kazi yangu nimefungua barua za talaka, za kufukuzwa kazi na za mirathi, na zote zilianza na salamu. Nilipoona yako imeanza na neno "Usipulize", niliisoma yote pale pale mlangoni, bila hata kumkaribisha Sabri.

Nilimkuta Bi Bahiya jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Hakugeuka.

"Nadhira kanipigia," alisema. "Kaniambia nimwage. Nshamwaga."

"Umemwaga nini?"

"Nimemwomba asikwambie. Ya asubuhi nlikuwa nshampa."

Hukuniandikia hilo, na nafahamu kwa nini. Kumbe tangu ilipoandikwa katika kadi kwamba damu ni kidogo, alikuwa akichemsha ncha za miche yangu, anakamulia ndimu, anamnywesha mwanawe kikombe kizima. Aliniambia: "Matembele ya sokoni nlikuwa nikiyaona yanavyooshwa kwa maji ya mtaro. Haya yako humu ndani, masafi, umeyalea mwenyewe. Na kiazi si kiazi, kiwe kitamu kiwe mbatata?" Kila Tahiya alipozidi kulegea, yeye alizidisha majani, kwa kuona damu bado haijatosha. Wewe ungemlaumu? Mimi nimejaribu na nimeshindwa.

Tulimbeba Tahiya katika kiti, mimi na Sabri, mpaka barabarani. Hakukataa, hakuwa na nguvu za kukataa.

Daktari ni mwanamke kijana, mpole, lakini mkali wa maswali. Alilitazama jani, akaitazama chupa, akauliza: "Mzee, dawa hii umepuliza?"

Nikasema: "La."

"Una hakika? Hii ikiwa imo, matibabu yanabadilika."

"La. Sikuifungua."

"Mkeo anasema ulinunua ili upulize Jumamosi."

Hapo, Nadhira, ilinibidi niseme lile nililokataa kuliandika. Tarehe 16 Julai, nyuma ya mlango wa stoo, sikuandika ukweli niliposema sikuona kitu. Niliona. Nilimwona Bi Bahiya akiingia, akichuma haraka haraka, akificha majani ndani ya upindo wa kanga, midomo ikimtembea. Unamkumbuka dada yake, Bi Mwanamkasi, jinsi alivyoanza: kuchuma maua yaliyotariziwa kwenye foronya, kuficha vijiko, kuzungumza na ukuta. Nilidhani imefika zamu ya mke wangu. Niliogopa kumuuliza, maana akinijibu hovyo ningelazimika kujua. Nikaona ni afadhali awe mdudu. Nikakuandikia mdudu, ukanipa dawa ya mdudu, na Jumamosi ilipofika nilisimama mbele ya ndoo zangu na chupa mkononi, nikashindwa kumpulizia sumu mdudu niliyejua kwamba hayupo.

Nilimwambia daktari: "Sikupuliza kwa sababu nilijua hakuna mdudu. Nilimwona mke wangu."

Bi Bahiya alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Uliniona?" alisema. "Wiki tatu uliniona, ukanyamaza?"

"Nilidhani akili inakutoka."

"Si ungenipigia kelele, Ghanim! Ungenitukana! Ungesema we mwanamke una wazimu, waniibia majani yangu ya nini! Ningekujibu, mtoto angepona!"

Watu wote barazani walitugeukia. Miaka arubaini sijamkosea adabu mke wangu kwa neno lolote, na nilikuwa nikijivunia jambo hilo.

Wewe usijilaumu kwa ile barua ya viwavi. Ulijibu ulichoulizwa. Aliyekuuliza ndiye aliyekuwa mwongo, pamoja na ufasaha wake.

Kutetemeka kulikoma siku ya tatu. Siku ya tano alikunywa uji, ukakaa. Juu ya mtoto, daktari hakutaka kuahidi. Kila tulipomuuliza alisema wanamsikiliza, wanamsikiliza. Muda wote huo Bi Bahiya alikaa nami kwenye benchi hili, na ingawa wanawake wanaruhusiwa ndani, hakuingia. Alisema: "Nimemnywesha kwa mkono huu. Nikaingie nimpe nini tena?" Chakula alicholetewa alikirudisha bila kukigusa. Hakuniangalia, nami sikumlazimisha.

Leo asubuhi muuguzi alitoka, akaita: "Mama yake Tahiya ni nani?" Bi Bahiya hakuitika, nikamwonyesha mimi. Muuguzi akasema: "Bibi, mwanao kagoma. Anasema hapimwi leo mpaka uingie, na kama huingii nikuulize, umemzaa wa nini?"

Akainuka. Aliingia bila viatu. Vimebaki hapa chini ya benchi.

Wanaume hawaruhusiwi ndani. Nilibaki nikiutazama ule mlango na nilisoma kila dua niliyoijua, kisha nikairudia, kwa kuwa ndani kulikuwa kimya. Niliwaza namna ya kukuandikia. Nilitunga sentensi ya kwanza ya barua ambayo sikutaka kuiandika, na Mungu anisamehe, ilikuwa imetimia hata nukta yake.

Alitoka baada ya muda ambao siwezi kuukadiria. Aliketi kando yangu, karibu kuliko alivyoketi wiki hii yote, akauchukua mkono wangu wa kulia, akaufungua, akaanza kugonga kiganja kwa kidole chake. Alikuwa anagonga upesi upesi, bila kupumzika, na uso wake hauonyeshi kitu. Nikafahamu ni nini anachonionyesha, na nikaogopa zaidi.

"Mbona mbio hivyo?" nilimwuliza. "Mbona mbio?"

"Ndivyo yanavyokwenda mapigo ya watoto," alisema. "Nyamaza usikilize."

Daktari bado hajaahidi. Zimebaki wiki kumi, na kila moja nitaiogopa kwa zamu yake. Nisalimie Bi Mwanakhamis, na umshukuru Sabri, ambaye ile pikipiki ya kuazima kairudisha na taa moja imevunjika na hajanieleza kwa nini.

Mwandiko ukiuona umepinda barua hii nzima, usidhani ni uzee. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado anao.

Ami yako,
Ghanim